Jumamosi, Saa Mbili Usiku

Tiketi mbili zimekaa mlangoni pa friji tangu Septemba,
zimebanwa na sumaku yenye umbo la kambakoche,
na kila nikitoa maziwa nazitazama
kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala:
bado anapumua.

Theluji imeanguka siku tatu hapa Matane.
Mto umejaa mabonge ya barafu, kivuko hakivuki.
Fernande amepiga simu kutoka ng'ambo, Baie-Comeau,
anauliza kama kuna njia ya kuzunguka.
Ipo. Kilomita mia nane, hadi mjini Québec na kurudi upande huu.
Amesema watazunguka.
Ana miaka sabini na moja na goti moja la chuma.

Rosaire Castonguay anakuja.
Nalisema jina posta, nikigonga mihuri,
na hakuna mteja anayeniuliza Rosaire yupi.
Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa tatu;
hakunyamaza. Alikuja akaketi ukingoni mwa jukwaa,
miguu ikining'inia, akaimba gizani
mpaka tukaisikia pumzi yake kabla ya kila neno.
Kuna watoto waliozaliwa kwa sababu ya usiku ule.
Mimi nilimwacha mchumba. Kila mtu na fungu lake.

Kaka yangu Ghislain alikuwa na kaseti
iliyonasa ndani ya redio ya pikapu, upande wa pili,
mwaka mzima, kiangazi na kipupwe,
ndiyo maana nyimbo za upande wa kwanza
tunazibabaisha hadi leo.
Sasa Ghislain anaendesha gari la kukwangua theluji.
Ameapa barabara ya ukumbini itakuwa sahani iliyolambwa
hata kama ya meya itangoja Jumapili.

Sitadanganya: albamu ya mwisho sikuipenda.
Vinanda vingi, na sauti yake imewekwa nyuma
kama bibi anayefichwa jikoni wageni wakija.
Lakini nimeinunua.
Nimenunua mbili. Moja nilimpa daktari wa meno.

Waliomwona Rimouski mwezi jana wamerudi na maneno machache.
Anasahau, wamesema.
Si nyimbo mpya. Zile za zamani,
alizoziandika kabla hajaota ndevu.
Anafika ubeti wa pili, anasimama,
vidole vinaendelea na gitaa peke yao
kama farasi anayeijua njia ya nyumbani
ilhali mwenyewe amesinzia juu yake.

Basi jana jioni tulikutana jikoni kwa Bertille,
watu kumi na mmoja na sufuria moja ya supu ya njegere,
tukagawana nyimbo zake
jinsi ndugu wanavyogawana zamu za kulala hospitali.
Wawili waligombania ule wa harusi. Bertille akapiga kura kwa vijiko.
Sheria ni fupi: asipokwama, hakuna wa kufungua kinywa.
Akikwama, hatumwimbii. Tusithubutu kumwimbia.
Aliye karibu atamnong'oneza neno la kwanza la mstari,
moja tu.
Mengine ni mali yake.

Mimi nimepewa ule wa kiwanda cha uduvi,
ubeti wa pili, mama anaporudi kutoka zamu ya usiku.
Neno langu ni "ndoo."
Kiti changu ni cha safu ya pili, karibu na njia.
Nimelipima kwa sauti ya juu, likawa matusi;
kwa sauti ya chini, likafia kwenye skafu.
Nalifanyia mazoezi huku nikipima vifurushi,
na naomba, Mungu wangu, nirudi nalo nyumbani
bila kulitumia.

Ndoo, namwambia mwanamke anayetuma soksi Alberta.
Anainua uso.
Samahani, nasema, hiyo ni ya Jumamosi.